Ndege Iliyotua Gerejini

Ndege iligonga ardhi, ikaruka kama mpira wa shule, ikagonga tena, na safari hii gurudumu la pua ndilo lililotangulia. Mwalimu, Corliss, akaudaka usukani wa upande wake, akaongeza moto, wakapaa tena juu ya mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa.

"Delbert, mzee wangu," alisema kwenye hedifoni, "hicho kigurudumu cha mbele ni kijiti cha kuchokolea meno. Ukikivunja tunabiruka miguu juu."

"Ni upepo."

"Upepo gani? Kitazame kile kitambaa mlingotini. Kimelala kama mume wangu baada ya chakula cha mchana."

Delbert hakucheka. Alizungusha ndege kurudi tena kiwanjani, taya amezikaza, na jasho likamtambaa mgongoni kama mdudu asiye na haraka.

Hii ilikuwa mara ya tatu kiangazi hicho kuendesha pikapu yake kutoka Nebraska mpaka huku Oklahoma. Marubani wa kufundisha hawakuadimika kwao. Ila Corliss alikuwa na ndege ya aina ile ile aliyokuwa akiiunda Delbert mwenyewe, ya mabati yaliyoshonwa kwa ribiti, vile vijisumari vya kufungia bati, iliyomfikia vipande vipande ndani ya makasha, na alikubali kuwafundishia humo waundaji wenzake. Mwanamke huyu, mpana wa mabega, ujana wake wote aliumaliza akinyunyizia pamba dawa kutoka angani, na hakuwa na subira na mtu wa visingizio.

Akiwa huku, roho ya Delbert ilikuwa kule. Ndege yake ilikaa bandani kwenye uwanja mdogo wa kwao, imebakiza kioo na vifuniko vya magurudumu. Akiwa kule, akishika msasa, roho ilikuwa huku, kwenye nyasi hizi zinazomkataa. Hakuwa na mahali pa kutulia ila barabarani, na hata huko aliwatukana madereva.

Na muda ulikuwa haumngojei. Wakubwa wa kaunti walianza kwa kufunga hospitali, wakasema haina wagonjwa wa kutosha. Mkewe, Arlys, akafia njiani ndani ya gari la wagonjwa, likikimbilia hospitali ya mbali. Sasa walikuwa wanafunga uwanja wa ndege, wakisema hauna ndege za kutosha. Delbert alikwenda kwenye mkutano wao. Wenye tai wakamwambia muda wake umekwisha kabla hajamaliza kutaja jina. Mahindi yakianza kuvunwa, geti linafungwa. Na watu wa bima hawakutaka kumsikia bila saini ya Corliss kwamba anaweza kuirusha. Akiikosa saini hiyo, ndege ingetoka pale juu ya trela, mabawa yamenyonyolewa, irudi gerejini kwake. Ikirudi humo, alijua, haitoki tena.

Asubuhi iliyofuata, mwenye nyumba ya wageni, Bi Bhakta, alimkuta amepiga magoti bafuni, akisugua kifuniko cha gurudumu kwa msasa. Sakafu, beseni na kioo, vyote vilikuwa vyeupe.

"Bwana Delbert! Unaoka mikate humu?"

"Nalainisha tu, mama. Nitafagia."

"Mume wangu alisema wewe ni mtu wa dawa za kulevya. Nikamwambia, mtu wa dawa za kulevya halali mapema pamoja na kuku." Akaliangalia lile yai kubwa la plastiki mkononi mwa Delbert. "Hiki nacho kitaruka?"

"Kikiruka kivyake, mimi nimekwisha."

Bi Bhakta akamwachia ufagio mlangoni.

Kiwanjani, Corliss hakuwasha injini. Aliegemea bawa na kikombe chake cha kahawa.

"Jana usiku sikupata usingizi kwa ajili yako, na si kwa sababu ya uzuri wako," alisema. "Angani unaruka vizuri. Redio safi, kona safi. Tukikaribia ardhi unakuwa mtu mwingine. Unailaza ndege bapa kama unaegesha trekta. Nani alikufundisha kutua hivyo?"

"Hakuna."

"Lazima yupo. Jicho lako linakitafuta kitu. Niambie, kule gerejini ulikuwa unakaa ndani yake?"

Delbert alitazama viatu vyake. Waundaji wote hukaa. Kiwiliwili cha ndege kikishapata sakafu na kiti, hata kabla ya injini, mtu mzima na mvi zake atapanda humo akishika usukani usiofungwa popote, atoe na sauti kwa midomo. Hakuna anayemwambia jirani.

"Nilikuwa nakaa," alisema. "Tulikuwa tunakaa."

"Na mkeo?"

"Kila jioni, tukishamaliza kazi." Ribiti haipigwi na mtu mmoja: mmoja hukaa nje na nyundo ya upepo, mwingine ndani, akikandamiza kipande cha chuma kwenye ncha yake ya ndani. Arlys, kwa wembamba wake, ndiye aliyetambaa hadi mkiani, akatoka huko masikio yakimvuma na nywele zimejaa vumbi la bati. "Alikuwa anaketi kulia, na bakuli la bisi. Ananiuliza, 'Leo wapi, nahodha?' Namwambia Wyoming. Natua Wyoming. Baada ya yeye kufa niliendelea."

"Na ndege ilikuwa imelala juu ya nini?"

"Juu ya viunzi vya mbao. Sawasawa kabisa. Niliipima mwenyewe."

Corliss aliimwaga kahawa iliyobaki nyasini.

"Haya basi. Miaka yote hiyo umetua mara ngapi, wewe mtu, mara elfu? Na kila mara pua iko bapa, mlango wa gereji unauona wote mbele yako. Jicho limeshaamini kwamba hapo ndipo nyumbani."

"Zote zilikuwa nzuri," alisema Delbert.

"Hakuna hata moja iliyokuwa na ardhi. Panda."

Alipanda. Corliss akazunguka nyuma, akauegemea mkia kwa mikono miwili na uzito wake wote. Pua ikaanza kuinuka. Ilimeza uzio wa mwisho, ikameza miti ya mierezi, ikameza mstari wa mbingu na dunia. Mbele ya Delbert hapakubaki kitu ila bati jeupe na anga tupu.

"Unaona nini?" Corliss alipaza sauti kutoka nyuma.

"Sioni kitu!"

"Ndiyo kutua huko! Zoea!"

"Mtu anatuaje bila kuona anakokwenda?"

"Chungulia pembeni, kushoto, nyasi zinavyopita. Kaa hapo mpaka mgongo wangu useme basi!"

Alikaa. Ilimpanda hasira ile ile ya mkutanoni, na hakupata wa kumtupia. Picha hii Arlys hakuwahi kuiona. Haikuwa na gereji, haikuwa na bisi wala Wyoming. Aligeuza shingo kushoto, akazitazama nyasi, na akaendelea kuzitazama mpaka Corliss alipouachia mkia.

Wakaruka. Mara ya kwanza aligonga. Ya pili aligonga, akaomba radhi. Corliss akamwambia radhi aiombe ndege. Mara iliyofuata pua ilipofunika uwanja, mkono wake ulitaka kuisukuma chini, ili aone, aone kidogo tu. Akauzuia. Magurudumu ya nyuma yakagusa kwa mlio mdogo kama mtu anayevuta pumzi, na pua ikabaki juu, ikabaki, kisha ikashuka yenyewe.

Walipofika mwisho wa nyasi Corliss alivua hedifoni, akafungua kioo, akateremka. Kisha akainama ndani, akaivuta mikanda ya kiti cha kulia, akaifunga juu ya kiti kitupu na kuikaza.

"Isije ikapigapiga usukani," alisema. "Mara tatu, peke yako. Nataka kukuona nikiwa nje. Ukitua hivyo, saini utaondoka nayo leo. Ukiegesha trekta, utaondoka bila."

"Bila wewe itakuwa nyepesi."

"Unaniita mnene?"

"Nasema tu itakuwa nyepesi."

"Itapanda haraka, na haitataka kushuka. Usiilazimishe. Nenda, mzee wangu, kabla joto halijapanda."

Iliruka kabla hajawa tayari. Nyumba za mashamba zikawa ndogo, barabara nyekundu zikakatana kama mistari ya kiganjani, na hapakuwa na sauti ya kumsuta. Akakunja kushoto, akakunja tena, akapunguza moto. Uwanja ulikuja mbele yake, mwembamba, wote unaonekana, mzuri kuutazama. Akautazama kwa kadiri alivyoweza. Kisha akavuta usukani taratibu kuelekea kifuani, na pua ikapanda, ikaufunika.

Akageuza macho kushoto. Huko nyasi zilikuwa zinapita, kwanza rangi ya kijani tu isiyo na mipaka, kisha mashada, kisha bua moja moja, kila moja na kivuli chake.