Alliance Atafuta Kosa

Wiki ile Alliance alihitaji kosa kama mboga inavyohitaji chumvi, na kosa lenyewe lilimkimbia.

Wenzake katika shule ile ya bweni mjini Kasese walikuwa nayo makosa tele, mengine ya kugawia majirani. Yeye alikuwa kiranja mkuu. Soksi zake nyeupe, mwandiko wake wa kupendeza macho, na kengele ya shule ilikuwa mikononi mwake, haichelewi. Mtu wa namna hiyo akimwaga uji, watu husema uji ndio umemkosea.

Na bila kosa hakukuwa na njia ya kumfikia Madamu Rusi.

Madamu Rusi ndiye mwalimu aliyepewa kazi ya kusikiliza wanafunzi. Masomo yamekushinda, nyumbani kunawaka moto, moyo umekuwa mzito: nenda kwake. Walimpa chumba karibu na ofisi, wakaandika USHAURI mlangoni kwa rangi nyekundu. Hakuingia mtu. Msichana mmoja aliingia kuomba pini ya sketi tu. Kufika jioni, bweni zima lilikuwa limeshamzulia mimba na kumpa mtoto jina. Basi Madamu akakifunga kile chumba, akahamia stoo ya chakula nyuma ya jiko, akamwambia naibu wa mkuu wa shule, Mwalimu Nobert, kwamba amegundua adhabu ya kuwatoa watoto machozi: kuchambua mawe kwenye maharage. Mwalimu Nobert alipenda adhabu kuliko chai.

"Wakalishe huko mpaka migongo ilie!" akasema, na ikawa sheria ya shule.

Alliance ndiye aliyekuwa akiwapeleka wakosaji. Aliwaona wakiingia mabega yameanguka, akawaona wakitoka wanapenga kamasi na kucheka. Barbara, aliyekuwa hagusi chakula, alitoka mle akauliza jioni kunapikwa nini. Hakuna aliyemwambia Alliance kitu, maana kiranja haambiwi. Lakini macho alikuwa nayo.

Jambo lake lilikuwa hili. Familia yao ilihama Beni, ng'ambo ya mpaka, ikakaa Bwera; naye akaja shuleni na ripoti za Kifaransa, akawekwa sinia ya tatu, yaani kidato cha tatu, kwa kuangaliwa umri na mwandiko. Kiingereza hakukielewa, alikikariri. Alimeza madaftari kurasa kwa kurasa, akayatapika kwenye mitihani ya shule, walimu wakampa alama nzuri bila kujua kwamba ndani ni patupu. Sasa yuko sinia ya nne, na mtihani wa taifa siku hizi hauulizi daftari, unauliza kichwa. Ijumaa majina ya watahiniwa yangepelekwa. Jina likishakwenda, basi. Angekaa mbele ya ule mtihani kama kiziwi kwenye ngoma. Alitaka kurudishwa sinia ya pili aanze kuelewa. Lakini kiranja mkuu aombe kushushwa? Hata kulisema peke yake chooni aliona aibu.

Jumatatu alichelewa masomo ya jioni makusudi. Mwalimu wa zamu akamtazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Ulikuwa unakagua mabweni?"

Akaitikia kabla hajajizuia.

Jumanne aligonga kengele ya chakula somo la hesabu likiwa katikati. Shule nzima ikamwagika nje kama ng'ombe waliofunguliwa. Mwalimu Nobert akatoka ofisini, akatazama saa yake ya mkono, akaitikisa, akaisogeza mbele. "Saa za siku hizi!" akanung'unika.

Jumatano Alliance akaenda kwa fundi. Hilaire, mvulana wa Butembo, naye wa ng'ambo ya mpaka, alikuwa amechambua maharage mengi kuliko wapishi. Alimkuta nyuma ya tangi la maji anakula chapati aliyoipitisha juu ya ua.

"Nimekwisha," Hilaire akasema, akaficha chapati mgongoni.

"Sikuja kukukamata. Nataka unifundishe kukosa."

Hilaire akatoa chapati, akatafuna taratibu. "Weye? Weye hata ukiiba askofu, watasema ulikuwa unamusindikiza."

"Usinicheke, Hilaire."

"Sicheke. Shida iko kwa sura. Sura yako iko kama ya mutu anatoka kupokea komunyo. Ikunje kidogo. Hapana, sasa unafanana na mutu anaumwa jino." Akameza. "Unataka maharage?"

Alliance akatazama chini. Hilaire akaacha mzaha. Hakuuliza kwa nini. Waliopita kwenye maharage hawaulizani.

"Sikiliza basi. Kosa kidogo-kidogo haitakusaidia. Gusa Mwalimu Nobert pale panamuuma. Muite jina yake."

"Jina gani?"

"Ile."

Alliance akajiziba mdomo. Jina lile shule nzima ililijua, na mwenyewe alilijua, ila hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Walimwita Kikorongo, kama ile njia panda ya barabara ya Bwera ambapo malori yote husimama. Mwalimu Nobert naye alisimama hivyo kati ya bweni na jiko, na hapiti mtu bila kuulizwa anatoka wapi, anaenda wapi, amebeba nini.

Alhamisi asubuhi, gwaride la shule. Kazi ya kiranja mkuu ni kuwakaribisha walimu wazungumze.

"Na sasa," Alliance akasema, "Mwalimu Kikorongo ana tangazo."

Hata wapishi waliacha kukoroga. Nyuma kabisa mtu mmoja alijaribu kugeuza kicheko kiwe chafya. Uso wa Mwalimu Nobert uliiva kama kahawa ya kuchumwa.

"Umesema nini?"

"Nimesema Kikorongo, mwalimu," akajibu upesi, maana aliogopa asije akasamehewa.

"Vua beji! Maharage ni madogo kwako! Leo hii unafunga godoro, unarudi kwenu Bwera!"

Hilo halikuwa kwenye somo la Hilaire. Alliance akaanza kufungua pini ya beji. Ndipo Madamu Rusi akainuka, bila haraka, akijipangusa vumbi la sketi.

"Mwalimu, samahani. Ukimfukuza si umempa likizo? Atakaa kwao anakunywa chai. Mhalifu wa aina hii niachie mimi. Gunia zima."

"Gunia zima?"

"Lile la mawe mengi."

Mwalimu Nobert akaionja ile adhabu kichwani, akaiona tamu. "Mchukue."

Kule stoo, Madamu alifunga mlango, akakaa juu ya kreti, akacheka mpaka akatafuta leso. "Kikorongo! Mbele ya watu! Mimi mwenyewe nalisema chini ya blanketi." Kisha akamsogezea ungo. "Haya, mama. Mtu hajitupi motoni bure. Sema."

Alliance akasema, macho kwenye maharage. Madamu hakumwambia pole, wala jitahidi. Alichukua kitabu cha kemia, akamwambia asome swali. Alliance alisoma kama redio.

"Linauliza nini?"

"Sijui."

Madamu akamuuliza lile lile kwa Kiswahili: kwa nini jivu la maganda ya ndizi linatoa mafuta kwenye sufuria? Alliance akaeleza, akaeleza tena, mikono ikisugua sufuria isiyokuwepo, akafika kwenye sabuni bila kusukumwa.

"Kumbe kichwa kizima," Madamu akasema. "Umenyimwa lugha tu, na sisi tukafurahia mwandiko. Sinia ya pili itakufaa. Unajua nani yuko huko?"

"Mudogo wangu, Benedicte."

"Utakaa naye darasa moja?"

Alliance akatafuta jiwe kwenye ungo kwa muda mrefu. "Nitakaa. Lakini shule itanicheka, Madamu."

Madamu akatazama dari, na tabasamu likaanza kumtembea upande mmoja wa mdomo. "Mwalimu Nobert bado ana hasira, siyo? Isipotee bure."

Kwanza alimpitia mkuu wa shule, akampa ukweli wote. Kisha akaenda kwa Mwalimu Nobert, ameinamisha kichwa.

"Gunia halikumtoa hata chozi, mwalimu. Nimeshindwa. Sijui ni kitu gani kitamuuma kiranja mkuu."

"Kushushwa!" Mwalimu Nobert akapiga meza. "Sinia ya pili! Na mtihani mwaka huu asifanye!"

"Yesu! Huo ni ukatili."

"Ndiyo!"

Mkuu wa shule alikubali huku akitazama dirishani, mkono mdomoni. Kufika jioni, Alliance alikuwa yule msichana aliyeshushwa madarasa mawili kwa kulitamka lile jina, na watoto wa sinia ya kwanza walikuwa wanamgusa mkono wa sweta.

"Shule imepata hadithi yake," Madamu akamwambia. "Baba yako atapata ukweli. Nitakaa kando yako, ila mdomo utakuwa wako."

Jumamosi walimkuta babake Bwera, kwenye meza yake ya vitenge. Alliance akasema akiwa bado amesimama, kabla woga haujakaa.

"Papa, Kiingereza sisikiyake, sikielewi. Nilikuwa nakariri."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Baba akakunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Na mimi nilionyesha soko muzima alama zako."

"Ndiyo, papa."

Akamgeukia Madamu. "Akirudi nyuma, atasikia?"

"Akiuliza, ataelewa. Nami nitakuwa naye kila wiki, bila adhabu."

"Miaka mbili tena ya kulipa," baba akasema, akapumua kwa pua. "Basi aulize. Kama nalipa, aulize mpaka mwalimu akimbie."

Jumatatu Benedicte alisogea pembeni kwenye benchi, akampa nafasi ya nusu mtu tu.

"Usiseme weye ni yaya yangu, mukubwa wangu."

"Wote wanajua."

"Basi ukae kimya."

Mwalimu wa baiolojia akamaliza sentensi ndefu, akageuka kutoka ubaoni. "Tuko pamoja?"

"Ndiyo!" darasa zima likaitika.

Mkono wa Alliance ulikuwa juu. Benedicte akalaza uso mezani, akajifunika kwa daftari.

"Hapana, mwalimu," Alliance akasema. "Mimi nimebaki kule mwanzo."