Kinywa cha Mama Mkwe

Mimi ni muuguzi, si daktari wa meno. Nalisema mapema, maana tangu nirudi na tochi ya kichwani kutoka mafunzo ya siku mbili Kasongo, watu wa kijiji chetu, nje kidogo ya Lusangi, wananiletea hadi meno yaliyokwisha kung'oka. Kazi niliyofundishwa ni ndogo: mzee afungue kinywa, niinue ulimi kwa kijiti, nitazame, nijaze fishi, ile karatasi ya maswali. Swali la saba ndilo kubwa: kuna kidonda kilichozidi wiki mbili? Ikiwa ndiyo, anapelekwa kwa daktari wa meno Kasongo. Ikiwa hapana, anarudi nyumbani.

Siku ya kuwapima wazee kituoni walikuja ishirini na wawili. Wa kumi na tisa alikuwa Mama Régina, mama mzazi wa mke wangu.

Asiyejua mila zetu atacheka. Mimi na mama mkwe hatutazamani. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, sijawahi kula mbele yake. Tukikutana njiani mmoja wetu huingia vichakani, na mara nyingi ni mimi. Kuwapima wanawake ilikuwa kazi ya Rachelle, muuguzi mwenzangu, lakini asubuhi hiyo Rachelle alikuwa anazalisha. Mama akakaa, akaugeukia ukuta. Mimi nikaukazia macho ukuta mwingine. Nikajaza hapana kila mahali, hata swali la saba, nikauambia ukuta wangu:

"Mama iko muzima."

"Aksanti, mukwe wangu," ukuta wa pili ukajibu.

Zikapita wiki sita. Jumapili baada ya misa, Dieudonnée, mke wangu, aliacha kupepeta mchele akanitazama.

"Mama hakulaka tena bugali. Ni uji tu, tena anaupitishia upande mumoja wa kinywa. Lakini wewe ulimuangalia, si ndiyo?"

"Nilimuangalia," nikasema.

Nilikimbilia kituoni nikaitoa fishi yake. Mwandiko wangu, sahihi yangu. Nilitamani kuichana. Labda ni jino bovu, nikajiambia. Labda ni uzee. Labda mihogo ya mwaka huu haimpendezi. Rachelle alikuwa Salamabila kwenye msiba, na hangerudi kabla ya wiki mbili. Wiki mbili nyingine!

Jumatatu asubuhi nilisimama nje ya ua wake na tochi yangu, nikasema huku nikitazama kuku.

"Mama, nimekuja kukuangalia kinywa. Ile siku sikuangalia. Niliandika tu."

Nilisikia kigoda kikiburutwa. Nilipothubutu kuchungulia, alikuwa ameketi kwenye jua, amevua kitambaa cha kichwa na kujifunga machoni. Kinywa kilikuwa wazi. Alijificha ili mimi nisione haya.

Nikainua ulimi kwa kijiti. Kidonda kilikuwa chini yake, upande wa kushoto, kikubwa kama punje ya karanga, kingo zake ngumu. Hakikuwa cha jana wala cha juzi.

"Kiko na muda gani, Mama?"

"Kilianza mbele ya ile siku yenu. Nilikuja kwako juu yake." Alimeza mate, polepole, kwa maumivu. "Uliposema niko muzima, nikarudia nyumba naimba njia yote."

Nilichukua fishi mpya, nikaandika ndiyo kwenye swali la saba. Kisha nilifanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Nilimfungua kitambaa kwa mikono yangu, nikamtazama machoni. Yalikuwa macho ya Dieudonnée.

"Mama," nikamwambia, "tunaenda Kasongo. Leo hii."