Mpira Asioukumbuka

Kila Alhamisi asubuhi Lyle Haverkamp alinyolewa chini ya picha yake mwenyewe, na kila Alhamisi alitamani kuinuka kitini aichane. Ilijaa ukuta mzima wa kinyozi Merle: kijana wa miaka ishirini na miwili, jezi ya kijani imelowa matope, mkono wa kulia umebaki hewani baada ya kuuachia mpira, ule wa Kimarekani unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Chini yake waliandika mwaka, matokeo, na maneno mawili kwa herufi kubwa: ULE MPIRA. Mjini Ransom Falls hapakuwa na mtu wa kuuliza ni upi.

"Hebu tuhadithie kidogo, Lyle," Merle alisema, mashine ikinguruma karibu na sikio. "Keshokutwa tunakutana na washenzi walewale. Tupashe moto bwana."

Wateja wawili wakashusha magazeti yao. Lyle akaanza, kama alivyoanza mara elfu. Sekunde tisa zimebaki. Upepo unatoka mtoni. Beki wa kushoto kateleza kwenye tope, mdakaji wetu Denny Kroll yuko peke yake pembeni. Alijua wapi anyamaze kidogo na wapi watacheka, pale anapogongwa, anainuka, halafu anakwenda kusimama katikati ya wapinzani kana kwamba ndiyo timu yake. Wakacheka. Merle alizima mashine ili acheke vizuri.

Hakukumbuka hata chembe ya hayo. Alikumbuka chapati za maji alizokula asubuhi ya siku ile, na kufunga kamba za viatu. Kilichofuata kichwani mwake kilikuwa adhuhuri ya Jumapili, kitanda cha bweni, pazia limefungwa, na kocha Gus Tillery amekaa pembeni ameshika kofia mapajani. "Umetushindia, mwanangu," Tillery alimwambia. Mengine yote aliyasoma magazetini na kuyatazama kwenye video, akayakariri. Katika video unamwona Tillery akimshika mabega yule kijana aliyepotea njia, akimgeuza upande unaotakiwa, akimpiga kofi la makalio na kumrudisha uwanjani. Miaka ishirini na mmoja ilipita na mzee hakuwahi kuligusia jambo hilo.

Na maisha yake yote yalisimama juu ya mpira huo. Hakuitwa kucheza kwa malipo, macho yake hayakuvumilia tena taa kali, lakini jina lilimfungulia milango ya ukocha. Alifundisha miji tisa, akahamia nyumba tisa, na mkewe Corinne akapanda maua ambayo majirani wengine ndio waliyaona yakichanua. Miaka minne iliyopita Tillery, sasa kocha mkuu, alimrudisha nyumbani awe kocha wa mashambulizi, mtu wa kuamua kila hatua timu inaposhika mpira. Msimu huu mzee alikuwa anastaafu. Mkurugenzi wa michezo alikuwa amemshika Lyle mkono korido nzima. "Nipe ushindi Jumamosi tu," alisema. "Jumatatu nakutangaza wewe."

Corinne alikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba hakumbuki. Ndiye aliyefunga mapazia mchana alipoumwa kichwa, na ndiye aliyekuwa naye shuleni siku aliposimama mbele ya mwalimu na jina la binti yake mwenyewe likakataa kuja.

"Umewahadithia tena," alisema mchana ule, bila kumtazama, akikata vitunguu.

"Wameomba."

"Ipo siku utawaambia?"

"Nikishakuwa mkuu. Nikiwa mkuu nitabadilisha mambo mengi, Corinne."

"Ukishakuwa mkuu," akarudia, na kisu kikaendelea.

Maneno yale yalimchoma kuliko angepigiwa kelele. Aliondoka amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani.

Jumamosi uwanja ulijaa watu elfu sitini wenye kijani. Mrushaji wa timu, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, alikuwa Trey Mabry wa Saint Louis, miaka kumi na tisa, mikono mirefu na mdomo usiotulia. Ndani ya helmeti yake mlikuwa na redio ndogo, na sauti pekee iliyoingia humo ilikuwa ya Lyle. Kwa sheria timu hupewa sekunde chache za kuanza kila shambulizi, zinazohesabiwa na saa yake yenyewe, na redio ilijizima zikibaki kumi na tano.

"Wewe ukizimwa tu, Kocha, ndipo akili yangu inapata nafasi," Trey alizoea kumtania. Mazoezini alimwiga mbele ya wenzake, kikohozi chake na vile anavyokunja macho juani, na Lyle alijifanya hamwoni. Alimpenda mtoto yule, tuseme ukweli.

Dakika ya mwisho walikuwa nyuma kwa pointi nne, bila ruhusa nyingine ya kusimamisha saa. Nafasi ya tatu kati ya nne za kusogeza mpira, yadi kumi na nne kutoka mstari wa mwisho. Lyle akaagiza Nyundo. Nyundo ni mrushaji kuubana mpira kifuani na kukimbia mwenyewe, kichwa mbele, katikati ya majitu. Aliibuni yeye na kuipa jina yeye, tena kwa majivuno.

Trey alikula yadi nane. Wawili wakamdaka ukingoni, mmoja miguuni, mwingine kifuani, wakatoka naye nje ya chaki, na kisogo kikapiga ardhi. Saa ikasimama. Zilibaki sekunde nne.

Akainuka. Uwanja ulinguruma alipoinuka. Akarudi ndani hatua tano, akasimama, akageuka kutazama benchi apate maagizo, na benchi alilolitazama lilikuwa jeupe. La wapinzani. Alisimama pale ametulia, mikono kiunoni, akimsubiri kocha wa watu wengine amwambie la kufanya.

 Lyle aliiona upya video ile, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Gus, mtoe."

"Nani?"

"Trey! Kichwa chake kimeumia, mtoe sasa hivi!"

Tillery hakuondoa macho uwanjani. "Ameinuka."

"Anatazama benchi la wapinzani!"

"Na wewe ulikwenda kusimama nao," mzee akasema, tena kwa upole, kama anayekumbushia jambo la kifamilia. "Tukashinda."

Miaka ishirini na mmoja Lyle alikuwa amejiambia kwamba labda Tillery hakutambua kuwa ameumia. Makelele yalikuwa mengi, mvua ilikuwa kubwa, binadamu hukosea. Alikuwa amemtengenezea mzee yule visingizio, kimoja juu ya kingine.

"Ulijua," akasema.

"Kila mtu alijua, mwanangu. Unadhani wanacheka nini kila ukiwahadithia?" Akampiga bega. "Nyundo tena. Mpe, halafu Jumatatu ukae kwenye kiti changu."

Hasira iliyompanda Lyle haikuwa ya kupiga kelele.  Alimshika mrushaji wa akiba kifuani akamsukuma kuelekea uwanjani, "Ingia! Ingia umtoe!" na Tillery akamdaka yule kijana jezi kwa nyuma na kumrudisha kama mzigo. Lyle akatafuta daktari wa timu; daktari alikuwa ameingia ndani na beki aliyevunjika mguu. Akamkimbilia mwamuzi wa pembeni, akamkemea sikioni. Mwamuzi, aliyekwisha kukemewa mara mia siku hiyo, alimwonyesha kidole arudi nyuma ya chaki. Watu elfu sitini walikuwa wanapiga miguu. Saa ya kuanza shambulizi ilisoma ishirini na mbili.

Sekunde saba zilibaki za yeye kuwa na sauti ndani ya kichwa kile.

"Trey. Trey, ni mimi. Geuka huku. Kijani, Trey, sisi ni kijani."

Helmeti ikageuka polepole.

"Nisikilize. Pokea mpira, piga goti. Usikimbie, usirushe. Goti chini, ulalie mpira. Umesikia? Piga..."

Redio ikazimika.

Kupiga goti, kunakokatisha shambulizi papo hapo, ni kazi ya timu inayoongoza, inayotaka saa ijiishie yenyewe bila mtu kuumia. Hakuna aliyewahi kuona timu iliyo nyuma ikipiga goti, yadi sita kutoka kwenye ushindi, nafasi ya mwisho. Majitu yalijipanga. Mpira ukaja mikononi mwa Trey. Aliushika, akatazama mbele, na kwa kitambo kidogo Lyle aliona mabega yakiinama kwa Nyundo, kwa mazoea. Halafu goti la kulia likashuka kwenye nyasi. Mtoto akalala juu ya mpira kama alivyoambiwa, na saa ikamalizika.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya. Baadaye watu wakazomea, kisha wakarusha vikombe, vingine vina barafu.

Tillery alimng'oa Lyle vipokea sauti vya redio kichwani. Uso ulikuwa umemvimba. "Umefanya nini? Umenifanya nini mimi, mshenzi wewe? Siku yangu ya mwisho!"

"Ungemuua."

"Ameinuka! Nimekuokota, nimekurudisha nyumbani, nimekupa kiti changu..."

"Ulinigeuza mabega, Gus!" Sasa Lyle alikuwa akipiga kelele, na makocha wengine walisogea mbali. "Nilikuwa sijui niko wapi, nilikuwa mtoto wa watu, ukanigeuza mabega ukanirudisha! Sikumbuki! Unasikia? Sijawahi kuukumbuka mpira wenu ule, hata siku moja! Nimewahadithia uongo miaka yote, na uongo huo umenilisha, na leo ulitaka nimpikie na huyu!"

Mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, kalamu mkononi. Nyuma yake mkurugenzi wa michezo alimtazama Lyle, akatazama saa yake, akaondoka kuelekea kwenye lifti. Basi, lilikwisha. Lyle hakujidanganya kuhusu Jumatatu. Nyumba ya kumi ingetafutwa, kama yupo wa kumpa kazi mtu aliyeagiza goti.

Trey walimlaza kwenye chumba cha matibabu chini ya majukwaa. Daktari alimmulika macho, akatikisa kichwa, akatoka kwenda kuita gari. Lyle alizima taa kubwa, akaacha ile ya mlangoni tu.

"Ulinipigisha goti," Trey alisema. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni. "Mbele ya mama yangu. Yadi sita, Kocha! Ningeingia kwa kutembea!"

"Najua."

"Hujui kitu! Wewe ulipata wako. Picha yako iko ukutani kwa kinyozi, mimi watanibandika wapi? Watanicheka mpaka nife. Mwoga mkubwa wewe. Toka hapa!"

Lyle hakutoka. Kila neno lilikuwa haki ya mtoto, na kila neno lilimwuma. Hata yeye, angetolewa siku ile, angemtukana mtu vivyo hivyo, na pengine asingemsamehe.

Baadaye kidogo uso wa Trey ukalainika. Mikunjo ya paji ikaondoka. Alitazama dari, akatazama ukuta, akamwona Lyle kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

"Kocha," akasema kwa furaha kidogo. "Tumeshinda?"

Lyle aliona adhuhuri ile ya Jumapili, pazia, kofia juu ya mapaja ya Tillery. Lilikuwa neno jepesi sana. Lingemtuliza mtoto, na kesho lingeweza kusahihishwa na mwingine.

"Hapana, Trey. Tumeshindwa. Umeumia kichwa, mimi nikakuambia upige goti."

"Ulinipigisha goti?" Sauti ikapanda upya, mbichi kabisa. "Mbele ya mama yangu?" Na matusi yakaanza tangu mwanzo, kisha swali lile, jibu lile na matusi yale, mara mbili nyingine.

Mlango ukafunguliwa. Yolanda Mabry, mama yake, aliingia na koti la kijani lenye namba ya mwanawe mgongoni. Alikuja na hasira zake, ilionekana kwa jinsi alivyoubamiza mlango, naye alikuwa na mengi ya kumwambia kocha huyu. Aliyasikia matusi, akamsikia mwanawe akinyamaza, halafu akaisikia ile sauti ndogo ikiuliza tena kama wameshinda. Koti lilimteleza begani asilishike.

"Ameuliza mara ngapi?" akanong'ona.

"Hii ya nne, mama."

Yolanda alikaa miguuni pa kitanda, akaanza kumfungua mwanawe kamba za viatu.  Hakumshukuru Lyle na hakumlaumu.

"Kocha?" Trey akasema. "Si tumeshinda?"

Lyle alivuta kiti karibu zaidi na kitanda.

"Hapana," akasema, akangoja atukanwe.