Mwiko wa Mkate

Gaspard alikuwa karani wa posta ya Uvira, na mkate ulikuwa fahari yake. Wakati wa Wabelgiji, mkate wa dukani ulikuwa chakula cha Wazungu na cha Waafrika wachache waliopewa karatasi ya ustaarabu. Gaspard aliingoja karatasi hiyo miaka sita, asiipate. Uhuru ulipokuja, alikwenda kwa mwokaji Mgiriki, akanunua mikate miwili, akaila yote barazani pake, mtaa wa Mulongwe, huku wapita njia wakimtazama. Tangu siku hiyo hakufungua kinywa asubuhi kwa kitu kingine.

Mwaka wa nne wa uhuru alianza kukonda. Alimaliza mtungi wa maji kabla jua halijafika utosini, na bado alilia kiu. Suruali zake za kazi zilimpwaya hadi akazifunga kwa kamba. Mkewe, Ernestine, alimshika mkono akampeleka hospitali. Munganga, daktari wa pale, alimtazama ulimi, akambonyeza miguu, kisha akamgeukia Ernestine.

"Akikojoa, sisimizi wanakuja?"

Ernestine aliona haya, akainamisha kichwa. Walikuwa wanakuja. Kila asubuhi, nyuma ya nyumba, aliona msururu mweusi ukielekea pale pale.

"Basi iko ugonjwa ya sukari," munganga akasema. "Mukate aache. Pombe aache, limonadi aache. Akiendelea na mukate, Noeli hataiona."

"Sasa atakula nini, munganga?"

"Tafuta mu chakula ya kwenu, mama. Jaribu moja moja. Mwili wake utakuambia."

Ernestine akaanza kutafuta. Alimpikia bugali wa muhogo, kiu ikarudi. Alimchemshia viazi vitamu, miguu ikamwaka moto usiku kucha. Mwishowe alimweleza shida yake Pudentienne, mama mmoja wa bonde la Ruzizi aliyekuwa akileta mtama sokoni, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi. Pudentienne hakucheka. Alimfundisha kusaga mtama mwekundu bila kuukoboa, kuuchanganya na maharagwe yaliyochemshwa yakapondwa, kutia chumvi kidogo, kufunga kwenye jani la mgomba na kupika kwa mvuke mpaka ushikamane.

Kilichotoka kwenye jani kilikuwa kizito, cheusi, na kichachu kwa mbali. Gaspard alikitazama kama mtu aliyeandaliwa udongo.

"Hii ndiyo mukate yangu sasa?"

"Kula, Baba Florentine." Florentine alikuwa binti yao wa pekee, aliyekuwa akisoma kwa masista Bukavu.

Alikula, na ndagala, dagaa wa ziwani, na mboga ya lengalenga pembeni, machozi yakimlengalenga. Lakini wiki ya tatu mtungi ulianza kubaki na maji jioni. Wiki ya tano Ernestine alikwenda nyuma ya nyumba, akainama, akaona mchanga mtupu. Sisimizi walikuwa wamehama.

Mwezi Mei waasi waliokuwa wakipigana na serikali wakaingia Uvira. Askari wa serikali walikimbia, Mgiriki naye akavuka kwenda Burundi na kuacha unga wake ghalani. Wapiganaji walivunja mlango, wakamlazimisha mmoja wa wafanyakazi wake kuoka, na siku ya pili wakapita mtaani na vikapu vya mikate ya moto, wakimpa kila mtu kipande. Mtu alipaswa kula mbele yao. Aliyekula alikuwa mwenzao.

Mkubwa wao aliitwa Marcellin. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na kofia yake ilishonewa kipande cha ngozi ya chui. Alimnyooshea Gaspard mkate. Gaspard aliupokea, akaushika kwa mikono miwili. Akaunusa. Kisha akaurudisha.

"Minye sikuli mukate."

Mpiganaji mmoja akainua mkuki.

"Ni mwiko wake!" Ernestine akapaza sauti. "Komanda, akila mukate, atakufa. Ni mwiko."

Hakuwa amesema uongo, na hakuwa amesema kweli yote. Marcellin alishusha mkuki wa mtu wake kwa kidole kimoja. Wapiganaji hawa waliishi kwa miko: walinyunyiziwa dawa ili risasi ziwe maji, na dawa hiyo iliharibika kwa mambo madogo, kama kupeana mkono na mwanamke au kutazama nyuma vitani.

"Mwiko ya mukate," Marcellin akasema taratibu. "Hiyo sijaisikia. Na anakula nini?"

Kesho yake alikuja mwenyewe, akaketi jikoni, akala kile alichokula Gaspard. Siku tatu alikula hivyo. Siku ya nne alikwenda kupigana upande wa Kamanyola na watu kumi na wawili. Alirudi peke yake. Shati lake lilikuwa na matundu matatu ya risasi, na mwili haukuwa na mkwaruzo.

"Wale wote walikula mukate asubuhi," akasema.

Hivyo ndivyo Ernestine alivyojikuta anapikia watu thelathini. Waasi walikaa katika jengo la posta, na wakamrudisha Gaspard kazini pale, ingawa hapakuwa na barua tena. Mtama ulichotwa ghalani kwa watu, maharagwe vilevile. Kila asubuhi Ernestine aliwapelekea yale majani ya mgomba yanayofuka moshi. Kilichomtisha ni namna walivyokula. Hakuna aliyezungumza, wala aliyelamba kidole. Watu thelathini walitafuna kwa pamoja, macho yakiwa kwa Gaspard: akimeza wanameza, akinyanyua kikombe cha maji wananyanyua. Wakati mwingine Gaspard alisimama tu na tonge mdomoni, na taya thelathini zikasimama pia, ukasikia nzi.

Ernestine aliyaona haya yanambadilisha mume wake. Kwa upande wa ugonjwa alikuwa amepona, na mwili ulikuwa umerudi. Lakini hakuzungumza naye tena mambo ya nyumbani. Alivaa tai yake ya zamani kila siku, akatoa amri mpya kila wiki: asiguse chakula aliyepita mlango wa Mgiriki, asilale karibu na mtu aliyeota mkate.

Wapiganaji wawili walipouawa karibu na mto Ruzizi, Marcellin aliuliza mbele ya wote, "Gaspard, tutamjuaje mwenye kuvunja mwiko?"

"Sisimizi watatuonyesha," Gaspard akajibu.

Ukuta wa nyuma wa posta uligawanywa kwa alama za makaa, kila mtu na mahali pake pa kukojolea, Marcellin na Gaspard wakiwemo. Kulipokucha Gaspard alipita na fimbo yake, akiangalia chini, na wapiganaji wakimfuata bila sauti. Siku tisa mchanga ulikuwa mtupu. Siku ya kumi alisimama. Chini ya alama ya Sylvestre palikuwa na sisimizi, wengi, wamejaa kama ukoga.

Sylvestre alikuwa mvuvi wa hapo hapo Mulongwe aliyejiunga na wapiganaji, mtu mzima mwenye watoto watatu. Ernestine alikuwa akimwona wakati wa kula: aliomba maji mara tano, mara sita, na mashavu yake yalikuwa yameanza kubonyea. Alijua anachokiona. Alikuwa ameishi nacho nyumbani.

"Sijaonja mukate!" Sylvestre akasema. "Haki ya Mungu. Mama Florentine, si weye unanipikia? Waambie!"

Ernestine alifungua kinywa. Gaspard alimtazama, na macho yake hayakuwa ya mtu anayemjua. Ernestine akafunga kinywa. Wakamchukua Sylvestre kuelekea ziwani, na Gaspard akaenda nao.

Aliporudi, Ernestine alimngoja mlangoni. "Munganga alisema sisimizi ni ugonjwa. Weye ulisikia. Ulikuwepo!"

"Nyamaza."

"Yule mutu alikuwa mugonjwa kama weye!"

"Mama Florentine, ukisema tena hivyo, wote sisi tutakufa." Akakaa, akavua viatu vyake vilivyojaa mchanga, akaomba chakula.

Jioni hiyo alikuja Georgette, mke wa Sylvestre. Hakulia. Alisimama uani na kitenge kimefungwa kifuani, akauliza, "Dada, niambie kweli. Alikula mukate?" Ernestine akageuka, akaingia ndani. Georgette akaondoka.

Ernestine hakupata usingizi. Alikuwa bado na kopo la sukari la zamani, lililofichwa tangu ugonjwa uanze. Alfajiri, alipokwenda kuwasha moto kule posta, aliiyeyusha sukari yote katika sufuria ya maji, akapita nyuma ya ukuta akimwaga, toka alama ya kwanza hadi ya mwisho. Aliwaza hivi: sisimizi wakija kwa wote, wapiganaji hawatamwua yeyote, na hesabu ya Gaspard itavunjika. Sehemu ya Gaspard aliiruka. Alikuwa mumewe, hakuweza.

Kulipopambazuka wapiganaji walitoka wote, kila mmoja na jani lake la chakula mkononi. Ernestine alisimama karibu na sufuria zake. Gaspard alianza kupita. Alama ya kwanza, mchanga mtupu. Ya pili, mtupu. Ernestine alisogea aone vizuri. Sukari ilikuwa imekauka, ikang'aa juu ya mchanga kama chumvi, na hakuna sisimizi hata mmoja aliyeigusa. Msururu ulikuwa umetoka chini ya msingi wa jengo, mnene kama kidole, ukapita juu ya sukari yote ile bila kusimama, ukipita alama moja baada ya nyingine. Uliishia chini ya alama ya Gaspard. Pale mchanga haukuonekana kabisa. Ulikuwa mweusi, na ulikuwa unapumua.

Gaspard aliangalia chini. Fimbo ikamtoka mkononi.

"Nani huyu?" Marcellin akauliza, ingawa kila mtu alijua.

"Ni minye," Gaspard akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya karani mgonjwa. "Sijakula mukate, Komanda. Naye Sylvestre hakula."

Hapo ulimi wa Ernestine ukafunguka. "Iko ugonjwa! Munganga alitueleza toka mwanzo. Hii chakula munakula kila siku ni chakula ya mugonjwa wa sukari. Hakuna dawa ndani. Ni mtama na maharagwe! Sylvestre alikuwa mugonjwa, mukamwua."

Marcellin alimkaribia, akamwinamia kama mtu asiyesikia vizuri. "Mama, rudia."

Akarudia, polepole, neno kwa neno. Wapiganaji walitazama yale majani ya mgomba mikononi mwao. Mmoja aliliweka lake chini, juu ya ardhi, kwa uangalifu, kana kwamba linaweza kuamka. Wa pili akafanya hivyo, kisha wote. Walirudi nyuma mbali na ukuta, hatua kwa hatua, wakihofia kumgeuzia mgongo Gaspard. Hawakumgusa. Ernestine alielewa kwamba sasa walimwogopa kuliko alipokuwa na mwiko.

Kabla ya adhuhuri walikwisha ondoka kuelekea kusini, kwenye milima. Marcellin alitangulia, mkono umeshika shati lake pale penye yale matundu matatu. Hawakusikia habari zake tena.

Gaspard alibaki ameketi chini ya ukuta. Ernestine alimwambia, "Nyanyuka. Twende kwa Georgette."

"Nitamwambia nini?"

"Utamwambia yote."

Walimkuta Georgette akianika dagaa wa jirani. Gaspard alisimama mbele yake akasema, hakuficha kitu: ugonjwa, mwiko, sisimizi, na kwamba alijua Sylvestre ni mgonjwa tu. Georgette alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi ya mikono.

"Kama ningejua," akasema, "kama ningemnyima mukate na pombe toka zamani, nikampikia hiyo mtama yenu, angepona?"

Ernestine akajibu, "Angeishi."

Georgette alikung'uta viganja. "Mulimweka wapi?"

"Pale karibu na mudomo wa mto," Gaspard akasema. "Penye matete."

"Nionyeshe."

Wakaenda watatu kwa mguu, na jembe moja. Gaspard alionyesha mahali, akavua tai, akaanza kuchimba. Mchanga ulikuwa umelowa na kila alipochota, kingo za shimo zilibomoka. Jua lilikuwa kali. Ernestine alimletea maji mara mbili, akayakataa. Georgette alipiga magoti upande wa pili wa shimo, akaanza kusaidia kwa mikono yake, na wote wawili wakachimba hivyo, bila kutazamana, mpaka walipoliona shati la Sylvestre.