Shingo ya Edisa

Nzanzu alikuwa na mtindo mmoja wa kumaliza ugomvi. Ukimbishia, anakushika kisogo kwa viganja vyote viwili, anabana viwiko vyake kifuani kwako, kisha anakuinamisha mpaka ulambe vumbi la Mpondwe, soko la mpakani na Kongo. Wanaume wazima walikuwa wamelilamba. Ndiyo maana siku ile yeye, mkuu wa wapagazi, alipotangaza kwamba wanawake hawatapakua tena malori, hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa Edisa, mmoja wa wanawake wapagazi.

"Mgongo wa mama ni wa vitunguu," Nzanzu alimwambia. "Malori ni ya wanaume."

"Basi nishike shingo," Edisa akamjibu. "Nikianguka, naondoka na wenzangu wote. Nikibaki wima, tunapakua."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nzanzu akacheka kuliko wote, akakubali, akapanga iwe siku ya soko. Loyi, aliyebeba mizigo na Edisa tangu wakiwa wasichana, hakucheka hata chembe.

"Umetuweka rehani sote, wewe! Watoto wetu watakula nini?"

Edisa alikuwa na hasira tu, nayo ilikwisha kuanza kupoa.

Alimwendea Mama Martine, Mkongo wa Beni aliyeuza vitenge pale Bwera, mji jirani, na ambaye kwao alikuwa mwalimu wa judo. Nyuma ya ghala la kahawa wakatandika magunia matupu. Martine akamshika shingo, akavuta, Edisa akaenda chini. Akainuka, akavutwa, akaenda chini tena. Kosa lilikuwa lile lile. Tangu utotoni alibeba mizigo mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, na mwili wake ulijua amri moja: kichwa kikielemewa, inama usonge mbele. Loo, utumwa wa mazoea! Shingo nene kama ya fahali, na bado ilimtii kila aliyeigusa.

"Weye uko napinda mugongo bure," Martine akafoka. "Muzigo haiko mugongoni. Iko mbele yako!"

"Najua, mama, lakini mwili unakataa."

"Sasa uniambie. Gunia ikiwa chini, unainyanyua namna gani? Kiuno inabaki mbali?"

"Hapana. Nachuchumaa, nasogea, naingia chini yake."

"Voilà, ni vile vile. Mutu naye ni gunia. Akikukamata, usikimbie nyuma. Ingia!"

Siku ya soko ilipofika, watu waliacha hata mizani zao. Nzanzu alivua shati, akampungia Loyi mkono kama anayemuaga, akamnasa Edisa kisogoni. Alinuka jasho na samaki mkavu. Akavuta. Na mgongo wa Edisa, msaliti yule, ukainama. Aliona vidole vyake vya miguu, akaona vumbi linakuja, akasikia Loyi akilia. Hofu ilimshika kwelikweli. Kisha akahisi paji la uso likiwasha pale mkanda ulipozoea kukaa, akakasirika upya, safari hii akiikasirikia shingo yake mwenyewe.

Akachuchumaa. Akaingiza mguu katikati ya miguu ya Nzanzu, kiuno kikafuata. Mkono mmoja akaupenyeza chini ya kwapa la mwanamume, kichwa akakichomeka chini ya kidevu, akanyoosha mgongo taratibu. Viwiko vya Nzanzu vikafunguka. Mkono wa pili ukazunguka, viganja vyake vikakutana nyuma ya kiuno cha mwanamume yule, akainuka naye.

"Nishushe!" Nzanzu alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Ngoja, mzee. Mizigo haitupwi hovyo."

Akatembea naye, miguu ya Nzanzu ikining'inia, mpaka kwenye lundo la magunia ya maharage kando ya lori. Akamkalisha juu yake kwa upole. Hakuna aliyecheka. Nzanzu alijishika kiuno, akatazama pembeni.

"Huyu nimemshusha," Edisa akamwambia dereva, akihema. "Gunia la pili liko wapi?"

Loyi alikuwa wa kwanza kufika, mkanda tayari mkononi, na wengine wakimfuata. Edisa aliuvaa wake kwenye paji la uso, akageuza mgongo kupokea gunia. Uzito ulipotua, shingo ilitaka kuinama kama kawaida. Aliizuia kidogo, akamtazama Nzanzu machoni, ndipo yeye mwenyewe akairuhusu iiname.