Msimbishie Mwalimu

Kama kuna kitu Anyes alikiomba mwezi ule wa saba, kilikuwa siku tano tu za watu kufunga midomo. Jumatatu mpaka Ijumaa, basi. Ijumaa saa mbili asubuhi mdogo wake, Mwalimu Mayige, alitakiwa kuripoti shuleni baada ya kukaa nyumbani mwaka mzima na ushee. Mkuu wa shule alikuwa ameandika barua ya lugha laini yenye maana moja: asipofika siku hiyo, suala lake linapelekwa ngazi za juu, na huko hakuna wa kumtetea. Siku tano si nyingi. Lakini ukitaka kujua watu wa Bariadi wana midomo kiasi gani, waombe wanyamaze mwaka wa uchaguzi, tena wiki ya kura za maoni.

Mayige alikuwa na sonona. Neno hilo Anyes alilisikia kwa daktari, na alipotoka pale hakulitamka tena mbele ya mtu. Kule shuleni familia ilipeleka habari kwamba ana malaria. Malaria ilipokaa hadi ikaanza kutia aibu, wakasema vidonda vya tumbo. Mwalimu wa uraia, ambaye akifundisha Kidato cha Pili hata Kidato cha Tatu cha upande wa pili wa ukuta walikuwa wanamsikiliza yeye, alifikia mahali pa kukaa kitandani soksi moja mguuni na nyingine mkononi, mpaka saa sita mchana. Dawa zilimsaidia, polepole. Tangu mwezi wa tano alikuwa anaoga bila kukumbushwa, anakula, siku nyingine anachekacheka. Anyes aliyaona hayo yote na akaogopa hata kushukuru kwa sauti.

Tatizo lilikuwa mumewe. Shigela hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Anyes kuliko yote, maana mtu mbaya unajua utamfanyaje. Alikuwa mpimaji wa pamba kwenye ghala la chama cha ushirika. Daktari alipowaambia, "Asikae peke yake muda mrefu," Shigela alilibeba neno hilo kama amri ya jeshi. Kwao Lalago, mwanamume aliyepoteza raha hafungiwi ndani. Anatolewa akakae shikome, pale wanaume wanapoota moto jioni na kuzungumza, mpaka moyo wake urudi. Mjini shikome haikuwepo, ila ghala lilikuwepo. Kwa hiyo kila asubuhi alimpakia shemeji yake kwenye pikipiki, akamketisha juu ya magunia ya pamba katikati ya wakulima wanaosubiri zamu ya mizani, kisha akaenda kupima, roho yake nyeupe kabisa.

Na wakulima wanaosubiri mizani wanafanya nini? Wanabishana siasa. Nani atapita, nani atakatwa, kisima cha Migato kiliahidiwa na nani, viuatilifu vilivyochelewa ni kosa la nani. Mwanzoni Mayige alisikiliza tu. Kisha siku moja Danford, mkulima mwenye sauti ya kipaza, akasema jambo la ovyo kuhusu jinsi diwani anavyopatikana, na Mwalimu akashindwa kuvumilia. Akamsahihisha. Akaeleza kipengele kwa kipengele, mkono ukipiga gunia. Ghala zima likashangilia.

"Mwalimu amefufuka!" Danford alipiga kelele. "Jamani, dawa yake ni hii!"

Kuanzia hapo wakawa wanasema uongo makusudi. Kweli kabisa: watu wazima, wenye wake na wajukuu, walikuwa wanapanga asubuhi ni upuuzi gani leo utamwamsha Mwalimu. Mmoja anasema rais anateuliwa na wabunge, mwingine anaapa kuwa mwenye kadi ya chama fulani hapigi kura. Wanamtazama. Akipandisha hasira wanapigana makofi ya mgongoni kwa furaha kama wamemtoa mtu kisimani. Na jioni Shigela anarudi nyumbani anang'aa.

"Mama Josia, ungemwona leo! Moto!"

Anyes alikuwa anamwona, ila yeye alimwona kesho yake. Baada ya kila moto huo Mayige alilala siku mbili uso ukutani. Hakula, hakuoga, na akiulizwa alijibu kwa kope. Mara ya kwanza Anyes alidhani ni bahati mbaya. Mara ya tatu akawa na hakika.

Jumatatu alimkalisha mumewe kitako, akamweleza yote. Shigela alisikitika mpaka macho yakalegea.

"Nimekuelewa kabisa, Mama Josia. Wiki hii hakuna wa kumbishia. Labda anipitie mimi kwanza."

Jumanne jioni alirudi akakiri kwamba palitokea ubishi kidogo tu. Nani aliuanzisha? Akajikuna kichwa. Kumbe ni yeye mwenyewe, alikuwa anawaeleza wenzake kwa nini siasa hazitakiwi pale.

Jumatano Anyes akafunga kanga yake ya pili, akaenda ghalani kwa miguu. Mayige alikuwa amebaki nyumbani kwa kulazimishwa.

"Mwadila, mayu!" wanaume wakamsalimia kwa Kisukuma, kwa heshima, kofia zikivuliwa.

"Mwadila. Sikuja kukaa," alisema. "Ndugu yangu anaumwa. Mkimbishia siasa mnamchangamsha saa moja, mimi namuuguza siku mbili. Ijumaa anarudi kazini. Nawaombeni, msimbishie Mwalimu. Zungumzieni ng'ombe, mvua, mpira, chochote."

Danford alishika kifua. "Mayu, tumekosa. Hatukujua. Tusamehe sana."

Wote wakaitikia. Mzee mmoja alifuta chozi, la kweli. Anyes akaondoka akiwa amepata nafuu ya moyo, na nafuu hiyo ilidumu mpaka geti. Hapo akamsikia Danford nyuma yake: "Huyu mama amesema kweli tupu. Watu wanaumwa kwa ajili ya siasa. Sasa siasa zenyewe zimeharibiwa na nani?" Ghala likalipuka. Anyes alisimama, akafumba macho, akaanza kuhesabu mpaka kumi. Alipofika saba akaacha, akaenda zake.

Nyumbani akatoa betri za redio. Akaandika kwenye kundi la simu la ukoo, kwa kuwa Mayige naye alikuwemo, akiomba hadi Ijumaa watu wasitume mambo ya wagombea. Shangazi Veronica wa Nyashimo alijibu kwa mikono kumi na miwili ya sala. Baba mdogo Masunga akaandika: "Pole sana mwanangu. Tumwombee kijana wetu. Sasa ndugu zangu, tukirudi kwenye hoja ya jana..." Anyes alitamani kuitupa simu chooni. Hakuitupa, kwa sababu ilikuwa simu yake.

Alhamisi hakuwa na wasiwasi sana, na hilo ndilo kosa lake. Mayige mwenyewe alisema anataka kwenda kuwaaga wenzake wa ghalani. Alikuwa amenyoa ndevu. Ungemkatalia vipi mtu aliyenyoa ndevu kwa hiari yake? Akamwacha aende.

Wale watu, kwa mapenzi yao yote, walikuwa wamemwandalia zawadi. Mdahalo. Walipanga magunia pande mbili, wakaweka mwenyekiti wa kikao na filimbi, ili Mwalimu arudi darasani mdomo ukiwa umechemka. Shigela ndiye aliyetafuta filimbi. Mayige alicheka alipoona, akakubali. Aliongea vizuri. Kisha wakamtaka aseme yeye yuko upande gani. Akasema mwalimu hana upande darasani. Wakamwambia hapa si darasani. Akanyamaza. Danford, kwa utani tu, akasema, "Basi ni kweli wanavyosema huko mtaani, kwamba wakubwa walikunyamazisha!"

Mayige alijibu hilo kwa saa nzima. Alijibu mpaka sauti ikakatika, na wenzake wakawa wanashangilia kila sentensi. Halafu akaacha katikati ya neno, akashuka kwenye gunia, akarudi nyumbani Somanda kwa miguu.

Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa amelala uso ukutani. Shati lililopigwa pasi lilikuwa kwenye msumari.

Anyes alimtolea Shigela maneno pale uani hadi jirani akazima bomba ili asikie vizuri. Alimwambia amechoka. Alimwambia amechoka na wema wake, na filimbi yake, na ghala lake, na nchi nzima ambayo mtu hawezi kuumwa bila kuulizwa chama chake. Shigela alikuwa amesimama na ufunguo wa pikipiki mkononi, uso umemshuka.

"Mpigie mkuu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mwambie amepata malaria."

Anyes aliingia ndani kuchukua simu.

"Usiseme malaria," Mayige alisema bila kugeuka.

"Pumzika, mdogo wangu."

"Nimesema usiseme malaria. Mwambie nina sonona."

"Haya, sawa, pumzika kwanza, tutaona."

Mayige akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Unaona? Ndivyo unavyonifanyia. Mwaka mzima kila ninachosema ni haya, sawa, mdogo wangu. Nikisema jua ni jeusi utasema sawa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya? Wale wanaokumaliza ndio wazuri?"

"Wananimaliza, dada. Najua. Nikitoka pale kichwa kinazunguka usiku kucha, nabishana nao peke yangu, sipati usingizi. Lakini wananijibu. Pale bado ni mtu."

Maneno hayo yalimchoma Anyes mahali ambapo hakujua pana kidonda. Aliyekuwa akifua mashuka ni nani? Aliyekuwa akigawa vidonge asubuhi na jioni ni nani? Hasira ikampanda, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze hakuimeza.

"Basi nakukatalia!" alisema. "Simwambii! Ukisema sonona watakuita kichaa. Wazazi wataandika barua. Utapoteza kazi, Mayige, usinifanye mjinga!"

"Nitapoteza kazi hata nikinyamaza. Leo si Ijumaa?"

"Wewe huwajui watu!"

"Wewe unawajua? Ulikwenda ghalani kuwanyamazisha ukawaongezea hoja!"

Walibishana hivyo robo saa nzima, wakikatizana maneno kama walivyokuwa wakibishana utotoni, na Shigela mlangoni hakuthubutu kuingilia. Saa mbili ilipita. Anyes ndiye aliyeishiwa. Hakuwa amekubali. Alikuwa tu hana tena uongo uliobaki na nguvu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akapiga namba, akafungua sauti wasikie wote.

Mkuu wa shule aliitwa Elineema, mtu wa Same, aliyehamia Bariadi mwezi wa kwanza. Anyes hakuwahi kumwona. Alimsalimu, akajitambulisha, akavuta pumzi.

"Mwalimu hawezi kufika leo, mkuu. Ana sonona. Si malaria, wala si vidonda. Ni sonona, tangu mwaka jana. Tulikuwa tunaficha."

Anyes akafumba macho.

"Kumbe," mkuu alisema. "Mama, mimi hapa nilikuta maneno mengine kabisa. Niliambiwa Mwalimu amesusa kwa sababu ya siasa. Huyu ananiambia ni wa upande huu, yule ananiambia ni wa upande ule. Miezi sita najiuliza nimpokeeje mtu wa namna hiyo, na ile barua niliiandika nikijua naandikia mgomvi."

Mwaka mzima Anyes alikuwa amelinda mlango, na watu walikuwa wamejaza chumba kwa vitu vyao wenyewe.

"Barua za daktari mnazo?"

"Tunazo zote."

"Zileteni Jumatatu. Aje naye kama anaweza, hata kwa saa moja, akae ofisini kwangu tuone tunaanzaje. Ile ya ngazi za juu naishikilia." Kisha akauliza, "Yupo hapo? Amelalaje leo?"

Anyes alifungua mdomo kumjibia, kama alivyozoea. Akaufunga. Alimtazama Shigela mlangoni, na Shigela akainamisha kichwa, maana wiki zote zile za magunia hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza swali hilo. Akaiweka simu juu ya mto, karibu na uso wa mdogo wake, akasogea.

Mayige aliivuta karibu.

"Vibaya, mkuu," alisema. "Nimelala vibaya sana."