Mchukuzi wa Ghorofa ya Nne

Rupal alimwangusha mama yake bafuni siku ya Jumatatu, na hadi Ijumaa alikuwa bado hajajisamehe. Wala hakuwa mzembe. Kwa miaka mitatu, tangu kiharusi kimpige mama huyo, Ranjanben, upande wa kushoto, ni yeye peke yake aliyemnyanyua, akamwogesha, akamlisha na kumgeuza, kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja la Kisutu ambalo lifti yake ilikufa zamani mpaka wapangaji wakaifanya stoo. Siku ile mgongo ulikataa tu.

Kaka yake, Urvish, akaja mbio kutoka Mwanza. Uamuzi alikuwa nao tayari: Jumamosi angeondoka na Ba, ndivyo walivyomwita mama yao, aende akaishi kwake. Ranjanben alizaliwa mtaa uleule miaka sabini na miwili iliyopita. Aliposikia habari ya Mwanza aligeukia ukutani, siku nzima hakutia kitu mdomoni. Rupal hakumtetea. Angemtetea kwa lipi, na yeye ndiye aliyemwangusha?

Na wahudumu hawapatikani, jamani, tusidanganyane. Dar nzima hii, tafuta mtu wa kumwogesha na kumnyanyua mtu asiyejiweza, utazunguka mpaka soli ya kiatu iishe. Chama cha hisani cha Wahindu wa Kisutu kilijaribu kufundisha wasichana. Kikundi cha akina mama wa Ilala nacho kilijaribu kivyake. Wasichana wakishaiva tu, hao, Uarabuni. Mwisho vyama hivyo viwili vikaungana na kufungua duka kubwa la dobi pale Kariakoo, la kufua mashuka ya hoteli na gesti, faida yote iwe mishahara ya wahudumu. Mishahara ikapatikana. Watu ndio hawakupatikana.

Msimamizi wa dobi alikuwa Mwanamkuu, mwanamke wa Ilala, mdomo haukai na neno. Siku moja amesimama mlangoni anapunga upepo, akawatazama wachukuzi wa sokoni wakipita na mizigo yao. Mmoja alikuwa anateremka ngazi za ghala na makreti mawili ya glasi mgongoni, anasogea taratibu, na hata moja hailii. Mwanamkuu akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kumbe watu wanaojua kunyanyua wanampita hapa kila siku ya Mungu, na yeye anahangaika na matangazo! Wenzake walimcheka sana. Waliochekwa zaidi ni wale wachukuzi sita waliokubali kwenda darasani miezi mitatu.

Basi Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, zamu ya Rupal kwenye orodha ya wanaosubiri ikiwa imefika, Mwanamkuu akapanda zile ngazi za Kisutu akiwa na mmoja wao, Abdulmalik, mtu wa miaka hamsini hivi, shingo nene, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Urvish akamvuta dada yake pembeni. Mwanamume, kuli wa sokoni, ndiye amguse Ba? Mwanamkuu alisikia, maana hakuna asichosikia. Akawaeleza kwamba kuogesha na kuvalisha ni kazi yake yeye, Abdulmalik ni wa kunyanyua, na kama hawataki waseme sasa hivi, kuna familia arobaini zinasubiri. Urvish akasogea kando, akawapisha.

Abdulmalik alivua viatu, akaingia, akachuchumaa kando ya kitanda mpaka uso wake ukawa sawa na wa Ranjanben. Akamwamkia. Kisha akauliza, "Mama, nisikushike wapi?"

Rupal akadakia upesi, kama alivyozoea kuwajibu madaktari: kushoto hana nguvu, kulia anaweza kidogo, ila...

"Samahani, dada," Abdulmalik akasema, bila kugeuka. "Sisi sokoni hatuinui kabla ya kumuuliza mwenye mzigo. Na mwenyewe si huyu hapa?"

Akangoja. Maneno ya Ranjanben yalikuwa yanatoka moja moja, kwa shida, na kwa miaka mitatu Rupal ndiye aliyemmalizia. Mchukuzi hakummalizia. Alikaa vilevile amechuchumaa, mikono magotini, kama mtu asiye na safari nyingine duniani.

"Kwapa," Ranjanben akasema mwishowe. "La... kushoto. Usinivute. Linauma."

Pale pale, kila asubuhi na kila jioni, ndipo Rupal alipokuwa akimshika. Akamuuliza kwa Kigujarati kwa nini hakumwambia siku zote hizo.

"Ningesema," mama akajibu polepole, "nani... angeninyanyua?"

Rupal akalia mbele ya wageni, wala hakuona aibu.

Abdulmalik akamuuliza mgonjwa anataka kwenda wapi. Akajibiwa, chini, mtaani. Mwanamkuu akakunja shuka la dobi alilokuja nalo, akamfunga Ranjanben mgongoni kwa mchukuzi kama mtoto kwenye mbeleko, lile bega bovu la kushoto likalala bila kuguswa. Abdulmalik akainuka kwa miguu, si kwa mikono, taratibu mno hata usingejua ni saa ngapi hasa amesimama.

Loh, ile ilikuwa kazi ya kutazamwa! Kila kituo cha ngazi alisimama, akauliza, "Mama, twende?" na hakunyanyua unyayo mpaka aitikiwe. Milango ikafunguka, majirani wakatoka kutazama na mikono yenye unga. Rupal alifuata nyuma amenyoosha mikono, tayari kudaka. Walipofika ghorofa ya pili akagundua kwamba mikono ameishusha mwenyewe.

Chini, mwenye duka la vitambaa akatoa kiti. Ranjanben akaketi barabarani, jua usoni, akatazama mtaa wake, na machozi yakamtoka jicho moja.

Urvish akasogea karibu na kiti. Akamwambia Ba afurahi, jua ameliota, na kesho Mwanza...

Mama akainua mkono wake mzima. "Kesho," akasema, akakwama.

Urvish alifungua mdomo amsaidie. Rupal akambana mkono. Bajaji ikapita, ikapita na nyingine.

"Kesho wewe... nenda salama." Akapumua, akameza mate, na watu wote pale wakamngoja. "Mimi... ninao watu... hapa."

Urvish akainama palepale barabarani, akamgusa mama yake miguu kwa desturi yao, kama mtoto anayeaga.